Ngumi, mateke au kizimba: kazi ipi ya kupigana inamfaa kijana wa Mwanza?

Kijana wa Igoma, Mabatini au Kirumba mwenye mkono mwepesi na moyo wa kupigana ana njia tatu za kugeuza kipaji hicho kuwa kazi. Ya kwanza ni ngumi za kulipwa. Ya pili ni ngumi na mateke, ambayo wengi huiita kickboxing. Ya tatu ni MMA, mapigano mchanganyiko ya ndani ya kizimba, ambako ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote ni halali. Wengi huchagua kwa kutazama simu. Mmoja anamwona Francis Ngannou, aliyetoka kuchimba mchanga Kamerun hadi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, Machi 2021, anaamua kwamba kizimba ndiyo riziki yake. Mwingine anamkumbuka bondia Hassan Mwakinyo, anafunga bendeji mikononi.

Kuvutiwa ni mwanzo mzuri, lakini hizi ni kazi tatu zenye mahitaji tofauti, na kosa la kuchagua hulipwa kwa miaka. Tuzipime kwa mambo matano: mchezo unadai nini, mwalimu na wenza wa mazoezi unawapata wapi, mapambano yanatoka wapi, pesa na mkataba vikoje, na mwili unalipa nini. La pili ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo vijana hulifikiria mwishoni. Mchezo unaolipa vizuri Las Vegas hautakusaidia kama Jumanne jioni hapa Mwanza huna mtu wa kufanya naye mazoezi.

Mchezo unadai nini

Ngumi za kulipwa huenda kwa raundi za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1. Anayeanza hupangiwa raundi 4. Ubingwa mkubwa ni raundi 12, yaani dakika 36 za kazi. Kwa wanawake raundi kwa kawaida ni za dakika 2, na ubingwa huishia raundi 10. Glavu ni aunsi 8 hadi uzito wa kilo 66.7, na aunsi 10 kwa wazito zaidi ya hapo. Silaha ni mikono miwili tu, na kwa sababu hiyo ufundi wake ni wa kina sana: umbali, miguu, kichwa, kusoma bega la mpinzani kabla ngumi haijatoka.

Kickboxing kwa sheria za K-1, shindano maarufu la Japani, ni raundi 3 za dakika 3. Teke na goti vinaruhusiwa, kiwiko hapana, na mkikumbatiana refa huwaachanisha upesi. Muay Thai ni mchezo mwingine: raundi 5, kiwiko ni halali, na kushikana shingo ni sehemu ya ufundi. Promota akikwambia "ni ngumi na mateke", muulize ni sheria zipi. Mtu aliyejiandaa kwa K-1 akikutana na viwiko hurudi nyumbani na nyuzi usoni.

MMA ni raundi 3 za dakika 5. Pambano la ubingwa ni raundi 5. Glavu ni aunsi 4, vidole vikiwa wazi ili mtu aweze kushika. Dakika 5 mfululizo ni ndefu kuliko zinavyosikika, hasa pale mtu wa kilo 70 anapokulalia kifuani huku akipiga. Pumzi ya bondia imezoea kutoka na kuingia kwa mapigo. Ukiwa umebanwa kwenye ukuta wa kizimba unafanya kazi ya mbeba mizigo, na mapafu hayapati nafasi ya kufunguka.

Bondia anayeingia kizimbani na msimamo wake wa ulingoni hugundua makosa matatu ndani ya raundi moja. Akiweka uzito mguu wa mbele, anapigwa teke kwenye shavu la mguu, na baada ya mateke manne au matano mguu unakufa ganzi hadi hawezi kuukanyagia. Akiinama kukwepa ngumi, kichwa kinakutana na goti au shingo inanaswa kwenye kabali. Akijificha nyuma ya glavu alivyozoea, glavu za aunsi 4 hazifuniki uso, ngumi zinapita katikati. Na akishaanza kuinua mikono juu zaidi kujikinga, miguu imebaki wazi na anabwagwa. Makosa haya hurekebishika, ila humchukua bondia mzuri mwaka mmoja au miwili ya mazoezi ya kweli. Mtu asikudanganye kwamba ni miezi mitatu.

Mwalimu na wenza wa mazoezi

Kwa ngumi, jambo hili ni jepesi. Jimu ya ngumi inaweza kuwa banda la mabati lenye mabegi mawili na bado ikatoa bondia, mradi ina kocha anayejua kushika pedi na vijana watatu au wanne wa uzito unaokaribiana. Kabla ya kujiunga, nenda utazame sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, siku mbili bila kusema neno. Angalia kama wanavaa glavu za aunsi 14 au 16 na kinga ya meno. Angalia kocha anafanya nini mtu akiyumba: anasimamisha, au anashangilia? Jimu inayogeuza kila sparingi kuwa vita inawamaliza vijana wake kabla hawajalipwa hata shilingi.

Kwa kickboxing, wengi hutokea kwenye karate au taekwondo. Teke la huko ni jepesi na lina kasi, lakini limefundishwa kugusa na kurudi. La kickboxing hugeuza nyonga yote na kutua kwa ugoko. Ugoko hukomazwa kwa begi zito, taratibu, kwa miezi. Anayepiga mti au kuviringisha chupa mguuni anatafuta ufa kwenye mfupa. Mara nyingi utahitaji walimu wawili, mmoja wa mikono na mmoja wa miguu, na wewe mwenyewe ndiye utakayeunganisha kazi zao. Inawezekana. Israel Adesanya na Alex Pereira walianza kickboxing, na wote wawili wakawa mabingwa wa UFC.

Kwa MMA, hapa ndipo penye mlima. Ngumi unaweza kuipiga begi peke yako saa nzima ukaendelea mbele. Kukabana hakujifunzwi peke yako, wala kwa video. Chukua kabali ya nyuma, ile ambayo mtaani huitwa roba. Kwenye picha inaonekana rahisi: mkono shingoni, kaza. Ukweli ni kwamba kiwiko kinatakiwa kikae katikati, chini kabisa ya kidevu, ili sehemu ya mkono iliyo juu ya kiwiko ibane mshipa wa upande mmoja wa shingo na iliyo chini ya kiwiko ibane wa upande wa pili. Kiganja kinashika msuli wa mkono wa pili, na mkono huo wa pili unakwenda nyuma ya kichwa cha mpinzani, siyo juu yake, kwa sababu ukiwa juu ataukamata na kuushusha. Ikikaa sawa, mtu anapiga mkono kukubali ndani ya sekunde chache, au anazimia. Kiwiko kikihama sentimeta tatu unambana koromeo: inamuuma, anavumilia, na wewe mikono inajaa asidi unaishiwa nguvu. Tofauti hiyo ya sentimeta tatu unaambiwa na mwili wa mtu aliye hai anayekataa kukabwa, kila siku, na watu wa maumbo tofauti.

Kwa hiyo hesabu ya chini kabisa ni watu wanne hadi sita wanaokuja bila kukosa, mmoja wao mzito kuliko wewe na mmoja anayekuzidi ufundi. Inahitajika pia sehemu ya kuangukia. Mkeka wa kubwagana uwe na unene wa sentimeta 4. Wa sentimeta 2 unafaa kwa kukabana chini tu. Vipande 36 vya mita 1 kwa mita 1 vinatoa eneo la mita 6 kwa 6, linalotosha jozi tatu bila kugongana. Maranda ya mbao chini ya turubai lililokazwa ni mbadala unaofanya kazi, ila lazima yashindiliwe na kusawazishwa kila wiki, maana shimo dogo chini ya turubai linapinda kifundo cha mguu au goti. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa mbio na kwa kubwagana. Kwa kukabana chini ni mbaya, unachubua ngozi na kuingia machoni.

Usafi wa mkeka siyo jambo la hiari. Mapunye na majipu husambaa kundi zima ndani ya wiki mbili. Futa mkeka kila baada ya mazoezi kwa maji yenye jiki, kama robo kikombe kwa lita 4, na mwenye kidonda au upele akae pembeni hadi apone. Sikio likivimba kwa damu baada ya kusuguliwa, nenda hospitali likanyonywe mapema kwa sindano safi. Ukiliacha linaganda na kubaki hivyo maisha.

Kwa aliye kanda ya ziwa, mlango wa karibu wa kukabana ni judo. Tanzania ina watu wake huko: Andrew Mlugu alishiriki Olimpiki ya Rio 2016 na Paris 2024. Judo hufundisha kuanguka bila kuumia, kushika na kubwaga. Mapungufu yake kwa MMA ni mawili: mshiko wa judo unategemea koti, na kizimbani hakuna koti, na mitupo mingi inakutaka umpe mpinzani mgongo, jambo ambalo kwa mtu anayejua roba ni zawadi. Bado, mwenye miaka miwili ya judo yuko mbele sana ya mwenye video elfu moja.

Mapambano yanatoka wapi

Ngumi ndizo zenye kalenda. Zina msimamizi, TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa Tanzania, anayetoa leseni na vibali, zina mapromota, na zina wapenzi wanaolipa kiingilio. Mapambano mengi makubwa yako Dar es Salaam, lakini wakati wa sikukuu hufika mikoani pia. Vilevile ndizo zenye njia ya ridhaa inayoeleweka. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998; Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walileta shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Mabondia wengi wa timu ya taifa wametokea timu za majeshi, na ajira ya jeshi ni mshahara ambao hautegemei kushinda.

Hatari ya ngumi ni simu ya ghafla: "Kuna pambano nje, wiki mbili, tiketi ipo." Tarehe 8 Septemba 2018 Mwakinyo alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington nyumbani kwake, akammaliza raundi ya pili. Hiyo inakumbukwa kwa sababu ni nadra. Wanaoitwa kwa mtindo huo mara nyingi huitwa wapigwe, na kila kipigo kinabaki kwenye BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, ambayo promota wa kesho ataifungua kabla hajakutajia bei.

Kickboxing huishi pembeni mwa ngumi: pambano moja au mawili katikati ya usiku wa mabondia. Ukitaka zaidi, tazama ng'ambo ya ziwa. Kampala ina utamaduni wa mchezo huu. Majina kama Moses Golola na Umar Semata yalijaza kumbi. Kwa barabara, Kampala kupitia Mutukula iko karibu kuliko Dar.

MMA karibu yote iko nje ya mipaka. EFC, kampuni ya MMA ya Afrika Kusini, ipo tangu 2009, na humo ndimo alimokulia Dricus du Plessis aliyetwaa mkanda wa UFC Januari 2024. PFL Africa, kampuni nyingine ya MMA, ilianza msimu wake wa kwanza mwaka 2025 Ngannou akiwa mwenyekiti wake na ikafika hadi Kigali. Kigali siyo mbali tena. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 foleni ya kivuko ilikwisha. Lakini hawamchukui mtu kwa sababu yuko jirani. Wanataka rekodi inayoonekana kwenye tovuti za MMA za Tapology au Sherdog, na video za mapambano kamili, siyo vipande vya kupiga pedi. Mwenye ridhaa ana njia ya IMMAF, shirikisho la kimataifa la MMA ya ridhaa, ambako raundi ni za dakika 3, viwiko haviruhusiwi na kinga za ugoko huvaliwa. Hailipi, ila ndiyo inayojenga rekodi bila kukuvunja.

Kuna jambo la mwinuko pia. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nairobi na Johannesburg ziko karibu mita 1,700 na zaidi, Kigali kama mita 1,500. Anayepanda huko aende siku 10 hadi 14 kabla kama pesa inaruhusu, vinginevyo raundi ya pili inakuwa nzito bila sababu anayoielewa. Anayeshuka Dar hewa ni nzito, ila joto na unyevu humkausha. Anywe maji zaidi, na mazoezi ya wiki ya mwisho ayafanye asubuhi.

Pesa na karatasi

Kwenye michezo yote mitatu hulipwi mshahara; unalipwa kwa pambano. Anayeanza atapigana mara mbili hadi nne kwa mwaka akiwa na bahati na afya. Fanya hesabu kabla hujasaini: kambi ya wiki 6 hadi 8 (chakula, nauli, kazi uliyoiacha), vipimo, fungu la kocha ambalo kwa kawaida ni asilimia 10, na la meneja ambalo kwenye ngumi linaweza kufika theluthi moja. Kilichobaki ndicho ulichopata. Wapiganaji wengi wachanga wakifanya hesabu hii kwa uaminifu hukuta pambano limewagharimu.

Kwenye ngumi malipo hukubaliwa kwa pambano zima, ushinde au ushindwe. Kwenye MMA mara nyingi hugawanywa mara mbili, ya kupanda na ya kushinda. Mkataba wa kuanzia UFC uliojulikana kwa miaka mingi ulikuwa dola 10,000 na nyingine 10,000 ukishinda. Anayeshindwa anapata nusu, kisha anakatwa kodi na mafungu ya watu. Kickboxing iko katikati kwa namna ya kulipa, ila kwa anayeanza malipo yake ndiyo madogo kuliko yote.

Tofauti kubwa iko kwenye kufungwa. Bondia wa hapa anaweza kupigana kwa promota huyu leo na yule kesho. Mkataba wa kampuni kubwa ya MMA hukufunga kwao peke yao kwa idadi ya mapambano, na ukikataa pambano au ukiumia muda unaongezwa. Ngannou alipotaka uhuru zaidi, aliondoka UFC Januari 2023 akiwa bado bingwa, akaenda kupigana ngumi na Tyson Fury Oktoba mwaka huohuo. Kwa mpiganaji mchanga wa Mwanza, vipengele vya kusoma mara mbili ni hivi: nani analipa nauli na viza, yako na ya kocha, pambano likifutwa baada ya kupima uzito unalipwa nini, nani anagharamia hospitali ukivunjika, mkataba unakwisha lini, na malipo yanatoka siku gani. Jibu likiwa "tutaelewana" tu, halipo. Promota wa hapa mwambie akuonyeshe kibali cha pambano, na kwa michezo isiyo ngumi uliza Baraza la Michezo la Taifa kama chama kinachosimamia kimesajiliwa. Usiku bila kibali ni usiku bila daktari.

Mwili

Watu hudhani kizimba ndicho kinachoua ubongo kwa sababu damu ni nyingi. Utafiti uliofanyika Edmonton, Kanada, ukipitia vipimo vya baada ya pambano vya miaka 10, ulikuta wapiganaji wa MMA waliumia kwa asilimia 59.4 na mabondia asilimia 49.8, lakini waliopoteza fahamu walikuwa asilimia 7.1 kwa mabondia na 4.2 kwa MMA. MMA hukata ngozi, huvunja vidole, hupindua goti. Ngumi hujumlisha mapigo ya kichwa, na mengi kati yake hupigwa kwenye sparingi. Kickboxing huchukua sehemu ya vyote viwili na kuongeza ugoko na mbavu. Kanuni ya kushika kwa wote: sparingi ya nguvu isizidi mara moja kwa wiki, na ukiangushwa ukazimia usiguswe kichwa kwa siku 30 hata ukijisikia mzima, zaidi kama daktari amesema.

Uzito ndio eneo ambalo vijana hujiua, na hilo siyo neno la kutisha tu. Desemba 2015 Yang Jian Bing wa China alikufa Manila akijikausha kwa ajili ya pambano la MMA. Ngumi zina madaraja 17, na katikati yanapishana kilo 2 hadi 3: 57.2, 59.0, 61.2, 63.5, 66.7. MMA yanapishana zaidi: 56.7, 61.2, 65.8, 70.3, kisha yanaruka hadi 77.1 na 83.9. Kijana wa kilo 68 kwenye ngumi anashuka kilo 1 na ushee tu kufika 66.7. Kwenye MMA atapigana 65.8, na atakutana na mtu aliyeshuka kutoka kilo 74 ambaye usiku wa pambano amesharudi 72.

Namna salama: anza wiki 8 kabla, punguza nusu kilo kwa wiki kwa kupunguza ugali, wali na mafuta, huku samaki ukimwacha palepale. Hapa ziwa linatusaidia. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na hakuna unga wa kopo unaoshinda bei hiyo. Ingia wiki ya mwisho ukiwa umebakiza asilimia 3 hadi 4 ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 68 ni kama kilo 2 na nusu. Siku tatu za mwisho punguza chumvi na wanga, na mwili wenyewe utaachia maji. Usimeze vidonge vya kukojoa na usikimbie na nailoni kwenye jua la saa saba. Ukishapima, rudisha maji kwa saa kadhaa: lita 1 na robo hadi 1 na nusu kwa kila kilo ya maji uliyopoteza, kwa mafunda. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kisha uji, viazi vitamu, wali. Chipsi na soda ngoja hadi kesho usiku.

Vipimo vinafanana kokote: VVU, homa ya ini B na C, macho, na kwa ngazi za juu picha ya ubongo. Ukikutwa na homa ya ini B leseni haitoki, kwenye mchezo wowote kati ya hii. Chanjo yake ni dozi tatu, ya mwanzo, ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita. Pima hospitali ya Sekou Toure au Bugando sasa hivi, uchanjwe kabla hujanunua glavu.

Na kuna ugonjwa wa kwetu: kichocho. Vijana hukimbia ufukweni alfajiri kisha huoga ziwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, mahali ambapo konokono wanaobeba minyoo hiyo hukaa. Baada ya miezi pumzi inapungua, tumbo linasumbua, choo kina damu, na kocha anasema "huna moyo". Kabla ya kuongeza mazoezi kwa mtu aliyeanza kuchoka bila sababu, mpeleke akapimwe kinyesi. Dawa ni praziquantel, ambayo daktari hupima kwa kilo za mwili. Mbio za ufukweni ni nzuri sana; kuoga ogea nyumbani.

Kwa hali yako

Una miaka 15 hadi 18 na uko shule: usichague bado. Ngumi za ridhaa siku tatu, judo siku mbili kama ipo karibu nawe. Miguu ya bondia na mgongo wa mwanajudo vitakufaa popote utakapoangukia, na mlango wa jeshi unabaki wazi.

Una miaka 20, mikono yako ni mizuri, na kuna watu wanaokutegemea nyumbani: ngumi za kulipwa. Ndizo zenye pambano la karibu na unaweza kubaki na kazi yako ya soko la Mwaloni au ya bodaboda. Weka sharti moja na kocha: hakuna pambano la nje kwa taarifa ya chini ya wiki 5 katika mapambano 8 ya kwanza.

Umekulia karate au taekwondo, una miguu, mikono bado: kickboxing kwa miaka miwili, huku ukichanganya jimu ya ngumi. Tafuta mapambano Kampala. Ukiona unapenda kushikana kuliko kupigana kwa mbali, hamia MMA ukiwa na miaka 23 au 24. Hujachelewa, Ngannou alianza akiwa na 26.

Wewe ni binti: wapinzani ni wachache kwenye michezo yote mitatu, na uchache huo unakufikisha kwenye pambano kubwa mapema, wakati mwingine mapema mno. Kwenye ngumi utapata mapambano hapahapa. Kwenye MMA angalia uzito kwanza: UFC inaanzia kilo 52.2 kwa wanawake, na aliye na kilo 46 hana daraja huko.

Unataka MMA na hutaki kingine: kusanya watu watano na mkeka kabla ya kutafuta meneja. Baada ya mwaka, tafuta jimu yenye kundi kamili Nairobi, Kampala, Dar au Afrika Kusini, ukakae huko miezi 6 hadi 12, ukifanya kazi yoyote ya kukulipia chumba. Pigana ridhaa mara tano au sita. Ukiwa unashinda watu wanaojua kukabana, siyo mabondia waliopotea njia, ndipo utume video zako, pambano zima kuanzia kengele ya kwanza.

Na kama una miaka 30, magoti yanalia, lakini mchezo hauwezi kukutoka: jifunze kushika pedi, kuziba michaniko na kuhesabu raundi. Kanda yetu ina upungufu wa makocha wa kukabana kuliko wa wapiganaji, na atakayekwenda kusoma judo au jiu-jitsu miaka mitatu akarudi Nyakato au Buhongwa kufungua mkeka hatakosa wanafunzi.